Ninunue kadi ya michoro sasa, au nisubiri bei ishuke?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Mwanza, nahariri video za harusi na sendofu kwa DaVinci Resolve, toleo la bure. Tangu mwaka jana najifunza Blender, programu ya 3D, ili nianze kutengeneza matangazo ya biashara. Kompyuta yangu ni ya kuunga: prosesa Core i5-8400, RAM 16GB, kadi GTX 1060 ya 6GB, pawa saplai ya wati 450 isiyo na jina. Kamera ni Sony A7 III, na mara nyingine naazima A7 IV. Nimetunza shilingi milioni moja na laki mbili kwa ajili ya kadi. Vijana wa hapa wananiambia nisubiri, eti kadi mpya zinakuja na za zamani zitashuka bei. Mwingine ananiambia nikisubiri nitajuta. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, umefanya vizuri kunitajia mashine nzima. Wengi hunitajia jina la kadi wanayoitamani tu, na bila kujua pawa saplai na kamera ningekujibu kwa kubahatisha.

Jibu langu ni kwamba ununue sasa. Lakini uchague kadi kwa ukubwa wa kumbukumbu yake kabla ya kutazama ni ya kizazi gani, sehemu ya hela hiyo iende kwenye pawa saplai, na kabla ya kutoa hata shilingi ufanye jaribio moja la bure litakalokuonyesha kama kweli kadi ndiyo inayokuchelewesha.

Jaribio ni hili. Fungua ndani ya Resolve kazi yako nzito kuliko zote. Fungua na Task Manager, ingia Performance, kisha ubofye GPU, yaani kadi ya michoro. Cheza video sehemu uliyoweka rangi na madoido mengi huku ukiangalia Dedicated GPU memory. Ikigota karibu na 6GB, au Resolve ikikuletea ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa, kadi imezidiwa na hakuna ujanja mwingine. Ikiwa kumbukumbu bado ina nafasi, kadi imetulia, na prosesa ndiyo iliyopanda hadi asilimia 100, basi kinachokukwamisha ni kufungua mafaili ya kamera, na kadi utakayonunua bila kulijua hilo inaweza kukuacha palepale. Rudia jaribio hilo kwa Blender, ukirenda (kutengeneza picha za mwisho) kwa Cycles, injini ya Blender, mandhari yako kubwa kuliko zote.

Hapo ndipo kamera inapoingia. A7 III hurekodi H.264 ya biti 8, 4:2:0, umbo jepesi ambalo mashine yako inaliweza. A7 IV ndiyo inayoweza kukutesa, kwa sababu inaruhusu biti 10 za 4:2:2, zenye taarifa nyingi zaidi za rangi, na umbo hilo hakuna kadi ya GeForce, ya kampuni ya NVIDIA, iliyokuwa na sehemu maalumu ya kulifungua kabla ya mfululizo wa RTX 50 uliotoka mwaka 2025. Hata ungepewa RTX 4090 bure, mafaili hayo yangebaki mzigo wa prosesa, na i5-8400 ni prosesa ya 2017. Dawa yake haina gharama. Ukiazima A7 IV, ingia kwenye menyu uchague 4:2:0, au kama umesharekodi, tengeneza usiku nakala nyepesi, yaani proksi, uhariri kwa hizo. Harusi inayoishia kwenye simu na televisheni ya sebuleni haitapungukiwa na kitu kinachoonekana, isipokuwa kama unafanya kazi za kitambaa cha kijani.

Kwa kuwa umeshaingia Blender, nategemea utakuta kumbukumbu imejaa. Ikiwa ndivyo, twende kwenye bei.

Wanachokuambia vijana wa Mwanza kiliwahi kuwa kweli, ndiyo maana bado kina nguvu. RTX 3080 ilipotoka Septemba 2020, NVIDIA waliitangaza kwa dola 699, lakini mwaka 2021 watu waliinunua kwa mara mbili ya bei hiyo na zaidi, kwa sababu wachimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali, walikuwa wanazoa kila kadi iliyoingia sokoni. Septemba 15, 2022, Ethereum iliachana kabisa na uchimbaji wa kadi. Mahitaji yale yakakatika, kadi za mtumba zikamwagika, bei ikaporomoka. Aliyevumilia mwaka 2021 alipata. Lakini angalia alikuwa anasubiri nini: badiliko lile lilitangazwa miaka kabla, kila mtu alijua likifika wachimbaji watakosa kazi ya kuzifanyia kadi zao. Alikuwa na sababu ya kusubiri.

Safari hii kinachovuta bei juu ni chipu za kumbukumbu. Kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa kabisa ya chipu hizo duniani, na ni kampuni hizohizo zinazotoa RAM ya kompyuta yako, GDDR inayokaa juu ya kadi ya michoro, na HBM inayofungwa kwenye seva za akili mnemba. HBM inalipa kuliko zote, na inakula malighafi vibaya sana. Micron wenyewe walishaeleza kwamba kwa kiasi kilekile cha kumbukumbu, HBM inahitaji takriban mara tatu ya sahani za silikoni zinazohitajika kwa DDR5, yaani RAM ya kompyuta za kawaida. Kila sahani inayokwenda kwenye seva hizo ni RAM na GDDR ambazo hazikutengenezwa. Miezi ya mwisho ya 2025 RAM ya DDR5 ilipanda mara mbili na zaidi madukani, na Desemba 3 Micron wakatangaza kwamba wanaifunga biashara ya Crucial, ile iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida kama mimi na wewe. Kiwanda kipya cha chipu huchukua miaka kujengwa. Kwa hiyo ninapotafuta sababu ya kushusha bei ndani ya miezi sita ijayo, siioni. Na kadi ya 16GB inabeba chipu nyingi kuliko ya 8GB, ndiyo itakayobanwa kwanza.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo mtu wa Marekani au Ulaya halijui. Mzigo wa Kariakoo unatoka Dubai au Guangzhou, na mfanyabiashara hapangi bei kwa hela aliyonunulia mzigo uliopo dukani. Anapanga kwa ile atakayohitaji kuleta mzigo ujao, tena kwa dola. Kadi iliyoingia zamani itauzwa kwa bei ya zamani mpaka siku atakapopiga simu Dubai kuulizia mpya. Bei ikiwa inapanda, ni hizo kadi zilizobaki rafu ya nyuma za kuwahi. Muulize kila muuzaji kadi yake iliingia lini. Wengi watakuambia bila kuficha.

Sasa hizo kadi mpya zinazosemwa. Tazama mwendo wa NVIDIA: RTX 20 ilianza Septemba 2018, RTX 30 Septemba 2020, RTX 40 Oktoba 2022, RTX 50 Januari 2025. Ni takriban miaka miwili, au miwili na miezi michache, kila mara, kwa hiyo kwa mwendo huo kizazi kijacho ni cha 2027. Zaidi ya hapo, kadi ya mtu wa kawaida huja nyuma ya zile za matajiri. RTX 3060 ilifuata miezi mitano baada ya 3080. RTX 4060 ilifuata miezi minane baada ya 4090. RTX 5060 ilikuja Mei 2025, karibu miezi minne baada ya 5090. Ongeza muda wa kufika Dar es Salaam, kisha basi la Mwanza. Kuhusu zile za Super zinazovumishwa, yaani RTX 50 zilizoongezwa nguvu, maonyesho ya teknolojia ya CES ya Januari 2026 yalipita bila NVIDIA kutangaza kadi yoyote mpya ya GeForce, na Super yenye kumbukumbu kubwa ingehitaji chipu zilezile zilizoadimika.

Na je, za zamani hushuka bei mpya zikija? Kwa daraja lako, kidogo sana. RTX 3060 ilitangazwa kwa dola 329, 4060 kwa 299, 5060 kwa 299. Na 3060 ya 12GB imeendelea kutafutwa kwa sababu zote mbili zilizoifuata zilikuja na 8GB. Mtu wa Blender halisahau hilo.

Upande mwingine, GTX 1060 yako ni ya 2016 na haikai mahali pamoja wakati unasubiri. Oktoba 2025 NVIDIA walisimamisha draiva za kawaida za kizazi chake, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. CUDA 13, programu ya NVIDIA ya kufanyia mahesabu kwenye kadi, iliyotoka Agosti 2025, haikitambui tena kizazi hicho. Kadi itaendelea kuwaka na kufanya kazi, lakini programu mpya zitaanza kuifungia mlango moja baada ya nyingine, na kila mwezi bei utakayoiuzia inapungua.

Kwa kazi zako mbili na hela uliyonayo, ningechukua RTX 3060 ya 12GB. Ina kumbukumbu mara mbili ya uliyonayo, ina sehemu maalumu za kufuatilia miali ambazo 1060 haina kabisa, hivyo Cycles ikitumia OptiX, njia ya NVIDIA ya kurenda kwa sehemu hizo, utaona tofauti siku ya kwanza, na inatumia njia zote 16 za PCIe, tundu linalounganisha kadi na madabodi. Hilo la mwisho ni muhimu kwako, kwa sababu madabodi yako ni ya PCIe 3.0. RTX 5060 ina njia 8 tu. Kwenye madabodi mpya huoni athari, lakini kwenye yako, siku 8GB zikijaa na data ikaanza kukimbilia RAM, itapita kwenye njia nyembamba na kazi itakwama. Pamoja na hayo, 5060 ina kasi kuliko 3060, inakula wati 145 badala ya 170, na ina sehemu ya kufungua ile 4:2:2 ya A7 IV, ingawa kwa hilo Resolve inataka toleo la kulipia. Ungeniambia hutaki Blender kabisa na A7 IV ndiyo kamera yako ya kila Jumamosi, ningekushauri hiyo.

RTX 5060 Ti ya 16GB ingemaliza maneno yote, lakini ilitangazwa kwa dola 429 huko Marekani, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji, na wewe bado una pawa saplai ya kununua. Usikope kwa ajili yake. Ukikutana nayo kwa bei nzuri, soma boksi vizuri, maana ina pacha wa jina hilohilo mwenye 8GB. RX 9060 XT ya 16GB ya AMD ni kadi nzuri sana kwa michezo na Resolve, ila Cycles hukimbia zaidi kwenye NVIDIA. Intel Arc B580 ina 12GB na ilitangazwa kwa dola 249 tu, lakini inahitaji madabodi yenye Resizable BAR (uwezo wa prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja) na prosesa mpya kuliko yako. Kwa i5-8400 usiiguse.

Huenda 3060 utakayoipata ni ya mtumba, na hapo nakuomba uwe mkali kabisa, kwa sababu ndipo hela za watu wetu zinapopotelea. Ipo RTX 3060 ya 8GB, iliyotoka mwishoni mwa 2022, dhaifu kuliko ya 12GB na yenye jina lilelile. Zipo zilizotengenezwa China kwa chipu za laptopu, zenye 6GB, zikaandikwa 3060 bila aibu. Zipo kadi za zamani mno zilizobadilishwa programu ya ndani ili Windows isome jina jipya. Kwa hiyo nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z, ni ndogo na ya bure. Isome kumbukumbu, iwe 12288MB, na upana wa njia ya kumbukumbu (Bus Width) uwe biti 192. Kadi iliyobadilishwa jina GPU-Z huitambulisha kwa neno FAKE mwanzoni mwa jina.

Baada ya hapo iendeshe FurMark, programu ya kuichosha kadi kwa majaribio, dakika 15 au 20 mbele yako, halafu renda mandhari ya Blender uliyoibeba mwenyewe. Sikiliza feni zikipanda: mlio wa kukwaruza ni beringi zilizochoka. Angalia kama kuna mistari au vidoa vya rangi kwenye skrini. Chomeka kioo kwenye kila tundu, HDMI na DisplayPort zote. Geuza kadi utazame skrubu. Zilizochubuka maana yake imefunguliwa, na si lazima liwe kosa, lakini muuzaji akueleze nani alifungua na kwa nini. Kadi iliyochimba sarafu haiogopeshi kama watu wanavyosema, kwani nyingi ziliendeshwa kwa umeme uliopunguzwa. Kinachochoka humo ni feni na pedi za joto, na fundi mzuri anazibadilisha. Muuzaji anayekataa kukuwashia kadi, muage kwa heshima uondoke. Na kama bei ya mtumba inavuka robo tatu ya bei ya 5060 mpya yenye waranti, hiyo si bei, endelea kutafuta.

Ukishindwa kwenda Dar mwenyewe, mpe kazi hiyo mtu unayemwamini anayejua kompyuta, akurekodie video ya majaribio yote kwa mfululizo bila kukata, kuanzia namba ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa mgongoni mwa kadi. Usitume hela kwa picha.

Pawa saplai usiihurumie. GTX 1060 inakula wati 120, na 3060 inakula 170. NVIDIA wanapendekeza pawa saplai ya wati 550, na ile 450 yako isiyo na jina siamini kama inazifikisha hizo 450. Tenga kama laki mbili ununue ya kampuni inayojulikana, yenye nembo ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme mwingi) na waya halisi wa pini 8. Kuna mafundi watakaokuambia waunganishe adapta kutoka waya za diski. Kataa. Waya zile hazikuundwa kubeba mzigo huo, na ikiungua inaweza kuondoka na kadi na madabodi. Umeme wa kwetu unavyopanda na kushuka, UPS yenye kurekebisha volti nayo ni sehemu ya ulinzi wa kadi, hata kama utaipata baadaye.

Kwa wasomaji wenye OptiPlex au EliteDesk za ofisini, mambo ni tofauti. Pawa saplai zake ni ndogo na mara nyingi waya zake si za kawaida, kwa hiyo tafuteni kadi isiyohitaji waya kabisa, kama RTX 3050 ya 6GB yenye wati 70, na mpime kwanza kama kasha linaiingiza.

Kusubiri kungekuwa sahihi kwako kwa hali tatu. Kama jaribio litaonyesha kadi haijazidiwa, tumia proksi na utunze hela. Kama utakachopata kwa hela yako ni kadi ya 8GB tu, endelea kutafuta ya 12GB, maana utaijuta Blender ikikua. Na kama hela hiyo ndiyo ada ya mtoto au kodi ya nyumba, kazi inayoingia sasa kwa 1060 bado inaingia. Nje ya hizo, kila harusi unayoichelewesha kwa sababu mashine inaganda ni hela inayotoka mfukoni mwako leo, na huyo kijana anayekuambia subiri hatakurudishia.

Kuhusu wakati wenyewe: mwaka 2026 Kwaresma inaanza Februari 18, na Ramadhani inaingia siku hiyohiyo au inayofuata kutegemea mwezi. Harusi za Wakristo na za Waislamu zitapungua kwa pamoja, na hilo kwa mtu wa kazi yako ni wiki kadhaa za utulivu. Nunua kabla ya hapo, ufunge pawa saplai na kadi, ufute draiva za zamani uweke mpya, na kama bado uko Windows 10 uhamie 11, maana i5-8400 inakubalika. Kisha uiendeshe kadi kwa kazi nzito kipindi hicho chote wakati risiti na waranti bado ni mbichi. GTX 1060 usiiuze kabla hujamaliza wiki mbili bila hitilafu. Ukiridhika, iuze haraka kwa kijana wa michezo, umwambie wazi kuhusu draiva, na hela hiyo iongeze kwenye UPS.